Nimerudisha sidiromu kwenye kompyuta yangu, nichekeni tu

Najua nimekuwa kimya, na wapo walioniuliza kama nimeingia shimoni kutafuta dhahabu. Hapana jamani. Wiki mbili zote nimekuwa nimepiga magoti sakafuni hapa Kahama, skrubu mdomoni, bisibisi mkononi, tochi ya simu nimeiegemeza kwenye kikombe cha chai, nahangaika na kompyuta yangu ya mezani.

Mwandishi mwenzangu mmoja alipita jioni akanikuta katika hali hiyo. Akaangalia nilichoshika, akacheka mpaka akashika mlango.

"Anko, bado unafunga sidiromu? Unafungua kibanda cha kuchoma CD?"

Nikamwambia sifungi moja, nafunga mbili. Tena naongeza na hadi diski. Akavuta kiti, akasema haya, nieleze. Nikamweleza, akaondoka hacheki tena. Nimeona niwaeleze na ninyi, maana naamini wengi wenu mnaosoma hapa mna kompyuta za mezani mlizoziunga wenyewe, au mnamjua mtu anayo, na kuna kazi inawasubiri ambayo haitasubiri sana.

Kisa chenyewe kilianzia Katoro, kwenye duka la mjomba wangu. Waliokulia Mkoa wa Geita wanaijua Katoro: mji uliokua kwa wachimbaji, wauza nguo na mama lishe kabla hata mkoa wenyewe haujaanzishwa mwaka 2012. Mjomba alikuwa mtu wa video. Kabla ya kila mtu kuwa na kamera mfukoni, yeye ndiye aliyeitwa. Harusi, kipaimara, send-off, mazishi, mkutano wa hadhara, mashindano ya ngoma kule vijijini, sherehe ya mtu aliyepata dhahabu akaamua kuchinja ng'ombe watatu. Alipiga kwa kamera ya mikanda midogo, akahariri usiku kwenye kompyuta yenye kelele kama mashine ya kusaga, akachoma DVD. Mwenye sherehe alipewa nakala zake, na nakala moja mjomba aliiweka kwenye katoni. Aliacha kazi hiyo zamani, wateja walipohamia kwenye simu. Katoni zikabaki, nne, juu ya kabati la duka ambalo sasa linauza vocha na chaja.

Mwaka jana nilikuwa nimekaa pale dukani, akaja mama mmoja wa makamo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akauliza kama mwenye duka ni yule yule aliyekuwa anapiga video. Alitaka kanda ya harusi yake. Nakala yake iliungua na nyumba. Mume wake alifariki, na mtoto wao wa mwisho, aliyezaliwa miezi michache kabla ya msiba, hajawahi kusikia sauti ya baba yake. Katika video ile, alisema, mume wake alisimama akatoa shukrani kwa wazazi.

"Hata kama ni dakika moja, mwanangu."

Mjomba akapanda kwenye stuli, akatafuta kwa nusu saa, akaipata. Jina la maharusi limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, tarehe kidogo imefutika. Tukaangaliana. Diski tunayo. Pa kuichezesha hatuna. Duka zima, mtaa mzima, laptop zote tulizoziulizia hazina tundu la kuwekea CD. Deki ya DVD ya jirani ilikuwa imekufa lenzi. Mama akasubiri, akanywa soda, akaondoka na ahadi.

Ile ahadi ndiyo iliyonipeleka sakafuni na bisibisi.

Sasa wapo watakaosema, si ununue kisomeo cha nje cha USB, uchomeke kwenye laptop, umalize? Kwa harusi moja, sawa kabisa. Fanya hivyo. Lakini mimi niliondoka Katoro na katoni zote nne, na nilipozihesabu nikapata diski 600 na zaidi kidogo. Hebu tupige hesabu kama watu waliosoma. DVD ya kawaida ya upande mmoja inabeba GB 4.7. Diski 600 zikiwa zimejaa ni kama TB 2.8. Laptop yangu ina GB 256, na nusu yake imejaa sauti za mahojiano. Diski iliyozeeka huwezi kuisoma kwa kasi ile iliyoandikwa kwenye boksi; mimi nimekuwa napata kama dakika 15 kwa kila moja. Mara 600, ni saa 150. Ukiwa na saa tatu kila usiku, hizo ni siku 50. Ukiwa na visomeo viwili vinavyofanya kazi pamoja, ni siku 25. Ndiyo maana mbili, na ndiyo maana ya kompyuta ya mezani: ina nafasi, ina umeme wa kutosha, na ukikosea unabadilisha kipande badala ya kutupa mashine.

Na kabla hujaniambia "weka mawinguni", hesabu nyingine. Nikiwa na mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde bila kuyumba hata kidogo, TB 2.8 zitachukua zaidi ya siku 51, usiku na mchana. Hapo sijataja bando. Mawingu ni mazuri kwa mtu ambaye vitu vyake tayari viko kwenye simu. Harusi za Katoro ziko kwenye plastiki.

Haya, tuingie ndani ya kasha. (Hapa kwetu kasha zima tunaliita "sipiyu", na nimeshakata tamaa ya kusahihisha watu. Sipiyu halisi ni kile kidude kidogo kilicho chini ya feni. Lakini fundi akisema "lete sipiyu", wewe beba kasha.)

Kitu cha kwanza ni nafasi. Makasha mengi ya siku hizi yenye vioo na taa za rangi hayana kabisa lile tundu pana la mbele, la inchi 5.25, ambalo sidiromu inakaa. Kasha langu la kwanza lilikuwa la hivyo. Nilitafuta kasha la zamani, la bati zito, linalofanana na kabati la faili la ofisi ya kata, likiwa na matundu matatu ya mbele. Nikahamishia kila kitu humo. Sura haina mvuto wowote, ila linameza chochote unachokipa.

Cha pili ni matundu ya SATA kwenye madabodi. Hapa wengi tunakosea. Unahesabu matundu manne au sita, unafurahi, unachomeka, kimoja hakionekani. Kwenye madabodi nyingi, ukishaweka diski nyembamba ya M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimwa, kwa sababu vinagawana njia moja. Imeandikwa kwenye kijitabu cha madabodi, kile tunachokitupa pamoja na boksi. Mimi nilipoteza jioni nzima nikilaumu waya. Kusogeza waya tundu la pili, kisomeo kikaonekana. Kama una sidiromu za zamani zenye ule waya mpana bapa, wa IDE, ujue madabodi za sasa hazina tundu lake. Zinahitaji kibadilishi, na kwa bei hiyo ni afadhali ununue ya SATA iliyotumika.

Cha tatu, umeme. Hapa naomba msome polepole kwa sababu hapa ndipo nilipolia.

Hadi diski ya inchi 3.5 hainywi umeme mwingi ikishazunguka, ni wati chache tu, lakini wakati wa kuanza kuzunguka inavuta zaidi. Ukiwa na diski tatu na visomeo viwili, pawa saplai yenye afya inaziweza. Tatizo langu halikuwa wati. Tatizo lilikuwa waya. Pawa saplai yangu ni zile ambazo nyaya zake zinachomoka upande wa nyuma. Nilipungukiwa na waya mmoja, nikakumbuka nina mwingine wa pawa saplai ya zamani iliyokufa. Unaingia vizuri kabisa pande zote mbili. Nikawasha. Kamlio kadogo, kaharufu, kimya. Hadi diski mpya, TB 4, haikuwahi kuandikwa hata herufi moja, ikafa mikononi mwangu.

Upande wa diski, umbo la SATA ni lile lile dunia nzima. Upande wa pawa saplai, kila mtengenezaji anapanga anavyotaka, na hata mtengenezaji mmoja anaweza kubadilisha kati ya toleo moja na jingine. Volti 12 inaingia mahali pa volti 5, basi. Waya wa pawa saplai moja usiutumie kwenye nyingine, hata kama unaingia. Andika ukutani.

Nilikaa siku tatu sigusi kitu. Hela ile ilikuwa ya kodi ya nyumba, tusifichane.

Diski ya pili nilinunua mjini kwa kuichagua kwa makini, maana soko letu lina maajabu. Kuna vijidude vya nje vinavyojitangaza TB 16 kwa bei ya kuku wawili. Ukivifungua ndani unakuta kadi ndogo ya memori iliyochezewa ili idanganye kompyuta. Inapokea mafaili yako yote kwa heshima, halafu ukija kuyafungua hayapo. Ukinunua chochote cha kuhifadhia, kijaze chote kwanza kwa programu ya majaribio kama H2testw, ndipo ukiamini. Inachukua usiku mzima. Sawa, lala.

Mambo madogo madogo ya upande wa programu nitayapitia haraka. Diski ikizidi TB 2, chagua mpangilio wa GPT, ukichagua MBR sehemu inayobaki hutaiona. Usiitayarishe kwa FAT32, kwa sababu FAT32 haikubali faili la zaidi ya GB 4, na taswira ya DVD iliyojaa inazidi hapo. Tumia NTFS au exFAT, au ext4 kama uko Linux kama mimi. Windows kuanzia toleo la 8 haichezi DVD bila programu ya pembeni, weka VLC. Na unapotoa diski, usinakili mafaili moja moja, tengeneza taswira nzima ya diski, ile ya ISO, ili menyu na kila kitu kibaki kama mjomba alivyokipanga. Hata zile picha za mioyo inayozunguka. Hasa zile.

Sasa nirudi kwenye sababu, kwa maana jambo hili si la mafundi peke yao.

DVD ya filamu iliyotoka kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa kwenye plastiki. DVD aliyochoma mjomba haina vishimo. Ina tabaka la rangi ya kikemikali katikati ya plastiki mbili, na leza iliandika humo kwa kuiunguza rangi. Rangi hiyo huchoka. Joto linaichosha, mwanga unaichosha, unyevu unaingia kwenye kingo. Sasa fikirieni juu ya kabati, chini ya bati, Katoro, mwezi wa tisa. Ongeza lebo ya karatasi iliyobandikwa kwa gundi, inayoifanya diski iyumbe ikizunguka. Ongeza vumbi letu jekundu. Katika diski nilizokwisha kupitia mpaka leo, kadiri ya moja kati ya kila nane imenipa shida, na chache hazikutoa kitu. Hizo ni diski zangu tu, sisemi kwa niaba ya dunia.

Na wakati rangi inachoka, mashine za kusomea nazo zinaondoka. Sony ilitangaza Januari 2025 kwamba mwezi uliofuata inaacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia, na pamoja nazo mikanda ya MiniDV, ambayo ndiyo mikanda midogo waliyoitumia kina mjomba nchi nzima. Laptop ziliacha visomeo zamani. Makasha yameziba matundu. Sidiromu za SATA bado zipo kwa mafundi, zimetolewa kwenye kompyuta za ofisi zilizotupwa, zimepangwa kwenye ndoo kama mihogo. Nunueni sasa, mbili, muweke.

Mtu ataniuliza, harusi za watu wa Katoro zina umuhimu gani? Nitajibu kama mwandishi wa habari wa ukanda huu. Mimi ninapotaka kuandika kuhusu Geita au Kahama ya miaka ya 2000, naenda wapi? Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Makampuni yana kumbukumbu zao, yana ripoti za mwaka zenye picha nzuri za watu waliovaa kofia ngumu. Serikali ina zake. Sisi tuliokuwa tunaishi pembeni ya uzio tuna nini? Tuna DVD za mjomba. Ukitazama harusi ya mwaka 2007 usimtazame bibi harusi peke yake, tazama nyuma yake: barabara ilivyokuwa, nyumba za miti na turubai zilizogeuka kuwa za tofali, nani alikaa meza kuu, zawadi zilikuwa nini, mganga wa kienyeji aliheshimiwa vipi kuliko diwani. Kuna diski moja ya ngoma, Bagika na Bagalu wanashindana, watu wamejaa mpaka juu ya miti, na mtunzi anaimba mistari ya kumsema mnunuzi wa dhahabu mwenye mzani wa kupunja. Hakuna gazeti lililoandika hilo. Liko kwenye DVD moja, yenye mkwaruzo.

Na wenzetu waliowahi kuelewa thamani ya nakala wapo. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa wenyeji, na maktaba aliyoianzisha mwaka 1954 bado ipo, sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Hans Cory alichapisha kitabu cha sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, na makaratasi yake yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Unaona kichekesho? Karatasi ya mwaka 1953 unaifungua leo na kuisoma. DVD ya mwaka 2009 inanikatalia. Halafu anayetaka kusikia sauti za mababu zetu anaelekezwa Afrika Kusini.

Kwenye habari nzito uzito unaongezeka. Mnakumbuka ubishi wa Bulyanhulu? Wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996, baadaye wanasheria wa LEAT wakatoa madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni. Serikali na kampuni zilikanusha, na mwaka 2002 ofisi ya CAO ya Kundi la Benki ya Dunia ilisema haikupata ushahidi wa kuyathibitisha madai hayo. Sifufui kesi. Ninachotaka mkione ni kwamba katikati ya mvutano ule zilikuwemo kanda za video, na watu wakabishana zinaonyesha nini hasa. Au chukua Nyangalata, hapa hapa Kahama: Oktoba 2015 machimbo yaliporomoka, Novemba watu watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Siku 41! Dunia nzima ilitangaza kwa siku mbili ikahama. Wangapi wetu walipiga picha na kurekodi sauti za ndugu pale juu, na leo ziko wapi? Kwenye flashi iliyopotea. Kwenye simu iliyoibwa stendi. Kwenye laptop ya ofisi iliyorudishwa ofisini ikafutwa. Mwandishi anayetegemea kumbukumbu ya mtu mwingine siku moja ataambiwa "hukurekodi", na hatakuwa na la kujibu.

Naomba niseme na upande ninaouogopa. Diski hizi si zangu. Ndani yake kuna nyuso za watu, watoto, maneno yaliyosemwa kwenye misiba. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, jambo hili si la adabu peke yake. Mjomba na mimi tumekubaliana: hakuna kinachopandishwa YouTube. Mwenye sherehe akija anapewa chake. Ngoma za hadharani tutawatafuta watunzi au familia zao kwanza. Kuna kijana mmoja alishaniambia nina "kontenti" ya miaka kumi mle ndani, nitatajirika. Nimemwomba asiniambie tena. Na zile filamu za nje zilizochanganyikana humo, zenye sauti ya Lufufu akitafsiri na kuongeza chumvi yake, nimezitenga. Mwenye haki ya filamu ni mtu mwingine, ingawa nakiri nilitazama mbili kwa ajili ya Lufufu tu.

Jambo la mwisho kwenye ufundi, ambalo wengi tunaliruka: hadi diski moja haitoshi. Nayo ni mashine, inazunguka, itakufa. Kuhamisha diski 600 kwenda kwenye diski moja ni kubeba mayai yote kwenye bodaboda. Mimi nina mbili za TB 4. Moja imefungwa ndani ya kasha, nyingine naichomeka Jumapili, nanakili, naichomoa, inakwenda kukaa kwa mjomba, Katoro, ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko. Radi za Kanda ya Ziwa mnazijua. Ikipiga hapa, ya kule iko salama. Na UPS ni lazima, hata ya kizamani yenye betri ya kubadilisha, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika diski unaweza kuharibu mpangilio wa mafaili yote. Wiki iliyopita ulikatika mara nne usiku mmoja. UPS ililia kama mbuzi, lakini kazi haikupotea.

Sasa ile harusi.

Niliiweka kwenye kisomeo cha kwanza, kikazunguka, kikatulia, kikazunguka, kikasema hakuna diski. Nikaifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda pembeni, siyo kwa kuzungusha. Hakuna. Nikaihamishia kwenye kisomeo cha pili, kile cha kuokoteza, kilichotoka kwenye kompyuta ya ofisi, rangi yake imekuwa ya njano. Kikaisoma! Hii si miujiza: kila kisomeo kina lenzi na mazoea yake, kinachokataliwa na kimoja kinaweza kukubaliwa na kingine, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa navyo viwili. Niliiachia programu ya ddrescue, ambayo inachukua kwanza sehemu nzima halafu inarudi kwenye zile mbovu mara nyingi bila kuchoka. Ilifanya kazi kutoka saa tatu usiku mpaka alfajiri. Asubuhi ilikuwa imebakiza kipande kidogo tu haijakipata.

Nikafungua, nikasogeza mbele mpaka kwenye shukrani. Bwana harusi anasimama, suti imemzidi mabega, anashika maiki, anawasalimia wakwe kwa Kisukuma, "Mwangaluka," watu wanaitikia. Anaanza kumshukuru mama yake. Picha inaganda, inavunjika vipande vya kijani kwa kama sekunde sita, halafu inarudi. Anamaliza, anacheka, anakaa.

Nilimpigia mama simu nikamwambia ukweli, kwamba kuna sekunde sita zimekwenda. Akauliza, "Sauti je?" Nikamwambia sauti imekatika hapo tu, kwingine iko wazi. Atakuja Jumamosi na mtoto. Flashi ameshanunua, nimemwambia alete mbili.

Mpaka leo nimetoa diski 388. Kisomeo cha kwanza kimeanza kulia, na nadhani hakitafika mwisho. Kama kuna mdau Ushirombo, Runzewe au Shinyanga mjini ana sidiromu ya SATA imekaa bure kwenye kasha la zamani, naichukua kwa bei yoyote ya haki, nauli juu yangu.